Mirija Katika Bustani ya Mama Paskalina

Paskalina alinipigia simu saa nne asubuhi, nikiwa nimekaa uani kwangu Tabora napepeta mchele. Akasema, "Shikamoo nesi." Nikajibu marahaba, nikamuuliza habari za kijijini kwao, Tlawi. Akasema habari ni nzuri, ila Mama ametutoka jana mchana. Ndivyo tulivyo, hata msiba tunautanguliza na habari nzuri. Nimestaafu miaka mitatu sasa. Nimezalisha wanawake nisiowajua idadi, nimehamishwa vituo saba, nimegombana na madaktari wawili na wote wawili nikawashinda, lakini kwa watu wale mimi bado ni nesi, yule msichana mwembamba wa Kinyamwezi aliyefika mwezi wa pili akiwa na sweta moja. Nilifunga begi siku ile ile. Nikapitia Singida, nikalala Katesh, kesho yake nikaanza kupanda kwenda Mbulu, na njia nzima nilikuwa nafikiria mwaka mmoja tu. Wengine hukumbuka mwaka walioolewa, wengine mwaka waliozaa. Mimi nakumbuka mwaka niliomwagilia kabichi kwa dripu.

Zahanati yetu haikuwa na nyumba ya watumishi, au tuseme ilikuwa nayo ila haikuwa na paa. Nikapewa chumba cha nyuma kwa Baba Paskalina, hatua chache kutoka kazini. Kilikuwa na mlango wake wa nje, dirisha la ubao, kitanda cha kamba, na mashada ya vitunguu saumu yaliyoning'inia juu ya kichwa changu, mavuno ya mwaka uliotangulia. Nguo zangu zote zikanuka kitunguu saumu, wagonjwa wakawa wananijua kabla sijaingia wodini. Na baridi ya huko, jamani, haimheshimu mgeni. Ukungu unakaa mpaka saa tatu, na ukinawa uso maji yanakuuma. Kati ya chumba changu na jiko la Mama palikuwa na ukuta wa miti na udongo, na udongo ulikuwa umebanduka, kwa hiyo nilisikia kila kitu: sufuria, kikohozi, ugomvi mdogo mdogo, sala ya jioni. Kiiraqw sikukijua, lakini ukikaa na ukuta wa namna hiyo miezi mitatu unaanza kulijua neno la chumvi, neno la njoo, na neno la mgeni. Jioni Mama alinigongea ukuta kwa mwiko, ndiyo karibu yangu. Naingia, napewa kigoda, ugali umesongwa mgumu kweli kweli, mboga iko kwenye bakuli moja la wote. Baba Paskalina, mwanaume mrefu, mpole, aliniuliza kila siku swali lile lile: "Nesi, Tabora mnakula nini?" Nikisema wali, anatikisa kichwa kwa huruma.

Alikufa mwezi wa sita. Kichomi kilimshika Jumamosi, Jumatatu hakuweza kusimama. Mganga wetu alikuwa mjini kwenye semina, zahanati nzima nilikuwa mimi. Dripu nilimwekea mimi. Nilipata mshipa mara ya kwanza, nikafurahi, Mungu anisamehe, nikajiona nimeiva. Nikampa dawa niliyokuwa nayo, nikatuma mtu akimbie Endagikot kutafuta gari, nikakaa pembeni yake nikihesabu matone na saa yangu ya mkononi. Gari lilipofika, matone yalikuwa bado yanaanguka lakini hayaendi popote. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi; Mama alinishika mkono akasema, "Pole nesi," kana kwamba aliyefiwa ni mimi. Miaka yote iliyofuata nimefiwa na wagonjwa wengi, nimejifunza kunawa mikono na kwenda kwa anayefuata. Yule wa kwanza sijamnawa mpaka leo.

Watu wengi pale walikuwa Wakristo wa kusali kweli, na kanisa lilikuwa limeshayakemea mambo ya zamani. Lakini Mzee Tluway, baba wa marehemu, alisema kifo cha ghafla cha mtu mwenye nguvu zake hakiachwi hivi hivi. Nyumba lazima ikae metimani. Maana yake nyumba inajitenga. Hawaendi kwa watu, watu hawaji kwao. Hawaazimi jembe, hawaombi moto, ng'ombe wao wanachungwa peke yao. Vitu vilivyomgusa marehemu katika kufa kwake, shuka, kikombe, kila kitu, havitumiki tena. Vinachomwa au vinafukiwa. Na zaidi ya yote, hawakanyagi kwenye chemchemi ya wote, mpaka siku wazee watakapokuja kuifungua nyumba. Siku hiyo ingekuwa mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza. Nikamuuliza mzee kwa adabu, je, na mimi nihame? Akanitazama kuanzia viatu mpaka kilemba, akasema, "Wewe ni mgeni. Wewe huhesabiki." Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaelewa kwamba mzee alikuwa amemwachia mkwewe mtu mmoja wa kumchotea maji.

Sasa bustani. Ilianza nyuma ya jiko la Mama ikateremka kidogo, udongo mweusi mzuri, kabichi upande huu, vitunguu saumu upande ule, vilikuwa vimepandwa na marehemu mwenyewe wiki chache kabla. Hicho ndicho kipande pekee cha maana walichokuwa nacho. Kingine kilikuwa juu huko, mawe matupu. Shemeji yake Mama, anaitwa Safari, alikuja akasimama mbali kama mila inavyotaka, akaongea na baba yake Mzee Tluway kwa sauti kubwa, na akaongea kwa Kiswahili makusudi ili na mimi nisikie. "Bustani ni ya mwenye nguvu ya kulima. Wazee wakija kufungua nyumba wakikuta vumbi, nitalima mimi. Shemeji atalima kule juu." Mzee hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Wazee wataona kwa macho yao." Jioni ile Mama hakugonga ukuta. Nilimsikia akiongea na watoto wake wanne taratibu, halafu akaja mwenyewe mlangoni kwangu na bakuli la viazi. Akasema, "Nesi, nikipelekwa kwenye mawe, hawa nitawalisha nini?" Nilichukua viazi.

Nikaanza kubeba maji. Ndoo mbili kabla ya kazi, mbili baada ya kazi, kutoka chemchemini hadi kwa Mama, mlima ukinitazama na wanawake wa chemchemi wakinicheka kwa upole: "Nesi wa Tabora, shingo itaingia tumboni!" Mama alimwagia kwa kopo la tundu. Maji yalipita juu ya udongo yakakimbilia mtaroni, na kufika saa saba upepo wa kiangazi ulikuwa umeshakausha hata kile kidogo kilichoingia. Mwezi wa saba majani ya chini ya kabichi yalianza kuwa na rangi ya karatasi. Nilikuwa na hasira na ule upepo kama mtu na mtu.

Wakati huo huo kuhara kuliwashika watoto wa huko. Siku moja nilikuwa nimekaa na mtoto mmoja aliyekauka midomo, dripu ikidondoka pale kwenye kikombe chake kidogo cha plastiki, tone, tone, na mtoto akaanza kurudi. Akafungua macho. Akakojoa, tukashangilia. Nikajisemea, hivi mtu akija akammwagia huyu ndoo kichwani, si angekufa na maji yako sakafuni? Nikacheka peke yangu wodini. Baada ya kazi nikaenda nyuma ya zahanati. Kazi ya kuchoma taka ilikuwa yangu, na kusema kweli nilikuwa nimeizembea tangu mwezi wa tano. Sindano nilifukia, lakini mirija ya dripu ilikuwa imejaa kwenye pipa bovu, imejiviringisha. Nikaibeba yote. Nililoweka kwenye klorini siku mbili, nikachemsha, nikasuuza, nikachemsha tena. Kwa usafi sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilikuwa nimesoma usafi miaka mitatu na nilidhani usafi ni huo tu.

Kuunganisha kulituchukua Jumapili nzima na Jumamosi iliyofuata. Mama aliuliza tu, "Ni ya zahanati?" nikasema ndiyo, ilikuwa ya kutupwa. Tulisimika kichanja cha miti ya mkaratusi, kimo cha kifua changu, tukaweka juu yake pipa la plastiki ambalo marehemu alilitumia kuwekea pumba. Mama alipasha msumari kwenye makaa akatoboa pipa chini, matundu sita. Kila tundu likaingia mrija, tukaziba kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Mrija mmoja ni mfupi, haufiki popote, kwa hiyo tuliunganisha mmoja kwa mwingine tukifunga kwa mpira na uzi, mpaka ikafika mwisho wa tuta. Mimi nilitoboa kila shubiri kwa sindano ya moto, mwisho nikapiga fundo. Mdomo wa pipa tukafunga kipande cha kanga yangu kuchuja matope. Tulipofungua, mistari miwili ilitoa maji, minne ikagoma. Nikachukua bomba la sindano nikaivuta moja moja kama ninavyozibua mshipa, na Mama akasema, "Dawa wamepata, sasa uwaandikie na kadi." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitania tangu msiba. Kila mrija una kigurudumu chake cha kupunguzia, kwa hiyo jioni nilipita kwenye matuta nikipunguza na kuongeza, nikihesabu matone, saa ikiwa mkononi. Kabichi ishirini kwa dakika, vitunguu kumi na tano. Ndoo zangu nne zikatosha. Wiki ya tatu majani mapya yalikuwa yamesimama. Nilijivuna, siwafichi. Kila tone lilikuwa kama namwambia yule marehemu, basi angalau hili nimeliweza.

Ilikuwa mwezi wa tisa, wiki tatu kabla ya wazee, asubuhi yenye ukungu. Mama alikuwa amepiga magoti kwenye tuta la kabichi akizibua tundu kwa mwiba. Aliniita kwa jina langu, "Mwajuma," na hakuwahi kuniita hivyo. Alikuwa ameshika kiungo kimoja, na kwenye kiungo palikuwa na kipande kidogo cha plasta kilichobaki, cha kahawia, ambacho klorini yangu haikukitoa.

"Hii ilikuwa kwenye mkono wa mtu?"

"Zote zilikuwa kwenye mikono ya watu, Mama. Nilichemsha mara mbili."

"Sikuulizi kuchemsha." Alipangusa udongo kwenye ile plasta. "Ya Baba Paskalina imo?"

Wallahi, mpaka anauliza sikuwa nimewaza. Pipa lile nilikuwa nimelijaza tangu mwezi wa tano. Yeye alikufa mwezi wa sita. Nilisimama pale miguu yangu ikilowa, nikasema, "Imo."

"Ni ipi?"

"Sijui, Mama. Zinafanana."

Angejua ni ipi, angeing'oa akaifukia, tukabaki na mistari mitano. Lakini hakuna aliyejua. Ilikuwa kuitoa yote au kuiacha yote. Nikamwambia naitoa sasa hivi, nikainama nikashika mstari wa kwanza. Akaniwekea mkono begani akasema, "Ngoja." Siku ile kazini nilichanganya kadi za watoto. Kwa kweli niliogopa. Niliyataka yale maji, na nilitaka awe na amani, na nilijua hatapata vyote viwili, na aliyemweka katika hali hiyo ni mimi na uvivu wangu wa kuchoma taka.

Kesho yake alinikuta nafunga mlango niende kazini. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alisema, "Iache. Wazee wakikuuliza, sema umenunua." Nikamwambia Mama, huo ni uongo. Akasema, "Najua jina lake." Halafu akasema watoto wasijue, Paskalina asijue. "Asiyejua hana kosa. Na wewe mila si yako, haikushiki." Nikauliza, "Na wewe je?" Akanifungia kitufe cha sweta kilichokuwa wazi, akaniambia nitachelewa.

Wazee walikuja watatu, Mzee Tluway akiwa mbele na fimbo yake, Safari nyuma yao. Walifanya mambo yao ya kuifungua nyumba, sikuruhusiwa kuyaona, nilisikia tu kupitia ukuta sauti moja ikianza na nyingine zikijibu. Baadaye wakateremka bustanini, na hapo nikaitwa. Nikapiga shikamoo tatu. Kabichi zilikuwa zimefunga, ngumu, nzito. Shina la kitunguu saumu limeanza kulala, maana yake kimekomaa. Mashamba ya jirani yote yalikuwa na rangi ya majivu. Mzee Tluway alitembea tuta kwa tuta. Akainama, magoti yakalia, akaushika mrija, akautazama ukidondoka. Aliutazama muda mrefu mno.

"Hii umeitoa wapi, mgeni?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Nimenunua, mzee. Arusha."

"Arusha wanauza mirija ya kunyweshea kabichi?"

"Arusha wanauza kila kitu, mzee."

Wale wawili wakacheka. Mzee hakucheka. Alinitazama usoni, na mimi nikamtazama, na mpaka leo sijui aliona nini. Kisha alimgeukia Safari akasema maneno machache kwa Kiiraqw, na Safari akainamisha kichwa, akaondoka bila kuaga. Mama alikata kabichi kubwa kuliko zote akampa mkwewe kwa mikono miwili, na mzee akaipokea kwa mikono miwili, akaibeba kwapani kwenda nayo nyumbani kwake. Bustani ilikuwa ya Mama. Nilitaka kupiga vigelegele. Nilipogeuka nilimkuta analia bila sauti, nikadhani ni furaha, mjinga mimi.

Jioni ile ukuta uligongwa. Kabichi ilikaangwa na vitunguu na nyanya, bakuli limejaa, watoto wakang'ang'ania. Mama alijimiminia maziwa kwenye ugali wake, akala hivyo. Kesho yake maziwa. Wiki iliyofuata, maziwa, na maziwa yakikosekana, ugali na chumvi. Nilipomuuliza mbele ya watoto alisema, "Tumbo." Nilikuja kumbana siku ninahama, mwezi wa kwanza, begi limefungwa, mashada mawili ya vitunguu saumu vyake yamewekwa juu yake. Nikamwambia, Mama, kula na mimi kijiko kimoja tu cha mboga tuagane. Watoto walikuwa nje. Akasema, "Wazee niliwadanganya, nikaweza. Baba Paskalina siwezi kumdanganya. Anajua ni ipi." Nikalia mimi sasa. Nikamwambia tuichome, tununue nyingine, siku zote zilizobaki za maisha yako utaishi hivyo? Akasema, "Bustani nimeipata kwa maji yale, Mwajuma. Kuchoma mirija hakutayatoa. Wewe kula. Watoto wale. Mimi nimeshachagua." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekuambia mlango uko wapi. Nikala peke yangu, naye akanitazama mpaka nikamaliza.

Tumemzika juzi, pembeni ya mumewe. Nyumba sasa ni ya matofali, jiko lina sakafu, chumba changu wamekifanya stoo ya mbolea. Watoto wale wanne wote wamesoma, wawili ni walimu, na kaburini palijaa wajukuu wenye viatu vizuri. Baada ya mazishi nilikaa kwenye kiti chini ya turubai, na Paskalina, mwanamke mzima mwenye mvi kama mimi, akaniletea sahani mwenyewe: wali, kwa heshima yangu, nyama, na kabichi. Akasema ni ya bustani. Akasema bado wanamwagilia kwa matone, ila siku hizi mirija wananunua, tena kweli Arusha. Akakaa.

"Nesi, nikuulize. Wewe ulikuwepo mwanzo. Mama hakuwahi kula mboga ya bustani ile. Maisha yake yote. Hata juzi akiwa hoi tulimpikia supu, akauliza mboga imetoka wapi, akageuzia uso ukutani. Tulimpa ya sokoni akanywa. Kwa nini?"

Wajukuu walikuwa wanapita na sahani, wote wanakula. Mtoto mmoja alikuwa na kabichi mpaka kidevuni. Nilifikiria kumwambia. Ana haki, ni mama yake. Lakini Mama alikuwa amelipanga jambo hili kabla hajanifungia kitufe cha sweta, na alikuwa amelishika miaka arobaini bila kuteleza hata siku moja, ili hawa wale wakiwa hawana kosa.

"Tumbo lake lilikuwa halipatani na kabichi," nikasema. "Tangu zamani."

Paskalina alinitazama kidogo, akaitikia kwa kichwa. Nikala wali. Nikala nyama, nikausafisha mfupa. Alipoinuka kukusanya vyombo alishika sahani yangu akasita.

"Na wewe, nesi? Kabichi hujagusa."

"Tumbo, mwanangu," nikamwambia, na nikampa sahani.